Jikoni kwa Mama Skola, Futi Sita kwa Saba

Vijana wangu wa karakana, kabla hamjaanza kugombania meza yangu ya kazi, someni kwanza haya. Niliitundika aproni ya turubai wiki tatu zilizopita, na tangu hapo mke wangu ananiuliza kila asubuhi kama nitaendelea kumpima kwa macho anapochota maji. Nitaendelea. Mtu aliyezoea kupima hapumziki kwa sababu tu amepumzishwa.

Kazi yetu mnaijua. Tunaingia katika jiko ambalo mtu na sufuria yake hawawezi kugeuka kwa pamoja, tunachagua kipi kikae na kipi kitoke, na tukiondoka wote wawili wanageuka. Hapa Sumbawanga hakuna aliyeifanya kazi hii kabla yangu. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nisipolisema mimi, ninyi hamtalisema.

Nilizaliwa Muze, kule bondeni, na nikapanda ukingo wa bonde nikiwa na blanketi moja na pea ya viatu niliyoibeba mkononi ili isichakae. Nilipita Sumbawanga bila kusimama. Nilikwenda kwa miguu hadi Abercorn, ng'ambo ya mpaka, kisha kwa lori hadi kwenye migodi ya shaba. Wenzangu niliosafiri nao waliteremka chini ya ardhi. Mimi nilifika siku ambayo msimamizi wa nyumba za wafanyakazi alikuwa akitafuta mtu mwembamba anayeweza kupenya nyuma ya stovu bila kuihamisha. Nikapenya. Wako watu walioingia kazini kwa barua za sifa. Mimi niliingia kwa mbavu.

Fundi wangu alikuwa Mzee Chanda, Mbemba mwenye masharubu yaliyoungua upande mmoja. Siku ya kwanza hakunipa nyundo wala bisibisi. Alinipeleka kwenye nyumba ya karani mmoja wa mgodi, akanisimamisha pembeni jikoni, akaniambia nihesabu mpishi anageuka mara ngapi mpaka chakula cha mchana kiive. Akaniacha pale.

Aliporudi akauliza, "Umehesabu?"

"Ndiyo, mzee. Mara nyingi."

"Nyingi si namba. Rudi kesho."

Nilirudi siku tatu. Siku ya tatu nikampa namba, naye akanionyesha kwamba nusu ya zile safari ilikuwa kwenda kuchukua chumvi. Akaihamisha chumvi kwa msumari mmoja. Mpishi alidhani tumemjengea jiko jipya.

Mzee Chanda alikuwa na msemo ambao niliufanya wangu, na ninyi mmeusikia kwangu mpaka mkauchoka: pima mpishi kwanza, ndipo upime ukuta. Urefu wa kiwiko, urefu wa mkono ulionyooshwa, upana wa nyonga akiwa ameinama. Chombo kisichofikiwa kwa mkono bila hatua kimeshakula nafasi, hata kama ni kidogo kama kibiriti. Na chombo chenye kazi moja tu kiulizeni mara mbili kabla ya kukiruhusu kuingia. Stovu inayopika tu ni mvivu. Inapaswa kupika, kuchemsha maji ya kuoshea kwa joto lililobaki, na kukausha matambaro juu.

Mzee Chanda hakuwa na cheti chochote. Mimi nilikitaka. Kwa miaka miwili, baada ya kazi, nilikwenda darasani pamoja na watu walionipita umri, nikajifunza kuchora jiko kwa kipimo, kukunja bati bila kulipasua, na kukadiria njia ya moshi. Tulifanya mtihani watu kumi na wawili. Tuliofaulu tulikuwa wanne, na mmoja wao ndiye anayewaandikia. Ile diploma yenye muhuri mwekundu mnaiona kwenye ukuta wa karakana. Nawaomba msiihamishe. Ukuta ule mwingine una unyevu.

Nilirudi nyumbani baada ya miaka tisa, na koti, na sanduku la vifaa. Mjomba wangu alikuja kunipokea Sumbawanga, penye malori.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Kasiano. Wanasema umeleta karatasi kubwa."

Nikaifungua pale pale. Akaitazama juu, akaitazama chini.

"Imeandikwaje?"

"Kwamba mimi ni fundi wa vyombo na mpangilio wa jiko, mjomba."

"Mwanangu, miaka tisa umeshinda ugenini kusomea jikoni? Si ungemuuliza mama yako?"

Watu waliokuwa wakishusha magunia walicheka hadi gunia likawaponyoka. Jioni ile ile nikawa Fundi Diploma, na jina hilo halijanitoka. Walilitoa kwa dhihaka, mimi nikaliandika kwa rangi ya mafuta juu ya mlango wa karakana.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa walimu na makarani, watu waliopewa nyumba za Serikali ambazo aliyezichora bila shaka hakuwahi kushika mwiko. Mwalimu mmoja alikuwa na jiko ambalo meza ilipoingia, mke alitoka. Nilimtengenezea meza ya bawaba inayolala ukutani, mguu wake mmoja tu, na mguu huo ukikunjwa unakuwa komeo la kabati. Karani mwingine alikuwa ameona friji la mafuta ya taa kwa Mzungu fulani na akaapa kwamba lazima naye awe nalo. Nilimpima, nikampimia na jiko. Friji lingechukua robo ya sakafu. Nikamwambia, "Bwana, mwezi wa sita hapa Ufipa maji yanakung'ata meno asubuhi. Unataka kununua baridi?" Nikamtundikia kabati la wavu nje ya dirisha, upande wa upepo, lenye mlango unaofungukia ndani. Nyama yake ilikaa vizuri, na pale palipotakiwa friji mkewe akaweka pipa la maji. Kijana akija kwenu anataka friji, mpelekeni kwanza nje asimame kwenye upepo.

Jambo moja lilikuwa likinikera katika nyumba hizo. Nilikuwa nikiweka stovu safi, ya kusimama, kimo cha kiwiko cha mwenye nyumba kwa hesabu kamili. Nikirudi baada ya mwezi nakuta mawe matatu nyuma ya nyumba, yana majivu ya moto. Chai na wali juu ya stovu yangu, ugali nje kwenye mawe. Nilidhani ni ukaidi. Nilikuwa nikiwaambia wake za watu kwamba maendeleo yana subira. Walikuwa wananiitikia kwa adabu, "Ndiyo, fundi," kisha wanarudi kwenye mawe yao.

Nilipokuwa nimeshapata jina, mfanyabiashara mmoja mwenye duka na malori akija kuniita kwa heshima na mkubwa wa boma akinisalimu njiani, ndipo alipokuja Mama Skola.

Mama Skola alikuwa mjane mwenye hoteli karibu na soko, pale malori yanapolala. Hoteli maana yake chumba chenye benchi mbili, na nyuma yake jiko la futi sita kwa saba. Madereva wa Namanyere na wa bondeni walikula kwake kwa sababu moja tu: ugali wake wa ulezi, mzito, unaomshikilia mtu tumboni mpaka safari iishe. Watoto wake wanne waliishi kwa ugali huo. Bwana Afya, yule mkaguzi kijana wa kaptura iliyopigwa pasi, alikuwa amepita, akakuta moto sakafuni katikati ya jiko, vyombo vichafu karibu na chakula, moshi umejaa mpaka kwenye benchi za wateja. Alimwambia wazi: anakwenda Namanyere kukagua huko, akirudi baada ya wiki tatu akaukuta moto sakafuni, anafunga hoteli.

"Nimeambiwa wewe ndiye mwenye diploma," Mama Skola aliniambia, amesimama mlangoni pa karakana hataki kukaa. "Mimi sitaki jiko zuri. Nataka nisifungiwe."

"Mama, ukitoka kwangu utakuwa na vyote viwili."

"Nimesema moja linatosha."

Nikaenda. Nikapima kiwiko chake, mkono wake, nyonga zake, naye akinitazama kama ng'ombe anayepimwa mnadani. Kitu cha kwanza niligeuza mlango ufungukie nje. Hapo tu tulipata sakafu ya kusimamisha mtu mmoja. Nikatundika rafu ya vyombo visafi juu, kabati la wavu la chakula kando yake, na beseni la vichafu upande wa pili, chini ya tundu la kumwagia maji. Kisha nikamchagulia stovu mbili za pampu, za mafuta ya taa, kwa sababu hakuna moto unaochukua nafasi ndogo kuliko huo, na nikaziweka juu ya ubao imara, kimo cha kiwiko. Hazikuwa na moshi wala kuni wala majivu. Nilirudi nyuma nikatazama kazi yangu nikafurahi. Hata leo nikifumba macho naona lilikuwa jiko zuri. Kasoro yake moja tu ni kwamba halikupika ugali.

Saa sita mchana lori mbili zilikuwa zimesimama na benchi zimejaa. Nilikuwa nimekaa na madereva, nikiwaeleza habari za kimo cha kiwiko. Mama Skola aliinua mwiko, akaanza kusonga. Ulezi si mahindi, vijana. Ulezi unapinga. Alisonga amesimama, mkono mmoja ukiwa kwenye sufuria na kitambaa, na kila alipozungusha mwiko sufuria ilizunguka nao. Akakaza. Mguu mmoja wa stovu ukapinda, sufuria ikaenda upande, na ugali wote ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Mama Skola aliruka. Kipande kilimpata kifundo cha mguu, akajifuta.

Dereva mmoja, Issa, mtu mwenye ulimi, ndiye aliyeanza.

"Fundi Diploma, hebu tuambie. Huko ulisomea ugali, au mliishia kwenye uji?"

"Mwache," mwenzake akasema, "labda walifundishwa kuula ukiwa chini."

Walicheka, kisha wakasimama mmoja mmoja wakaenda kula kwingine. Kicheko nilikizoea. Kilichoniuma ni kuona benchi zikibaki tupu na Mama Skola akikwangua chakula cha watu sakafuni. Zilibaki kama siku kumi Bwana Afya arudi.

Aliposimama akaniambia kwa sauti ya chini, "Ondoa vitu vyako, fundi. Nirudishie mawe yangu nipike hizi siku zilizobaki."

"Nipe siku mbili nifikiri, mama."

"Fikiri ukiwa nje."

Sikutoka. Niliziondoa stovu, nikamsaidia kurudisha mawe, kisha nikakaa kwenye kizingiti. Aliwasha moto. Akaketi kwenye kigoda, miguu mbele. Akachukua vijiti viwili vyenye panda, akavipachika kwenye masikio ya sufuria, na ncha zake akazikanyaga, moja kwa kila unyayo. Ndipo akasonga, kwa mikono yote miwili, na mgongo, na mapaja. Sufuria haikutikisika hata kidogo. Mwanamke yule alikuwa ameishika kwa miguu, kama fundi seremala anavyobana ubao kwenye jiliwa.

Nawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mjomba. Nilikuwa na diploma ya jiko, na katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kukaa nikatazama ugali wa ulezi ukisongwa tangu unga unaingia mpaka sufuria inaepuliwa. Niliondoka kwetu mvulana, na wavulana hawakai jikoni. Kule migodini niliwahesabu wapishi waliopika wamesimama. Mama Skola nilimpima vizuri kabisa, kila inchi, lakini nilimpima amesimama, na yeye hapiki amesimama. Wale wake za walimu walikuwa wamenieleza kwa mawe yao, nami nikawahubiria subira.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Hebu kaa hivyo hivyo, nikupime tena."

"Tena?"

"Ukiwa umeketi."

Alinitazama. "Lakini Bwana Afya amekataza moto sakafuni. Nikikaa chini na moto ukawa juu, si utaniunguza uso?"

Hapo palikuwa na tatizo lenyewe, na nilikaa nalo siku nzima. Moto ukishuka, hoteli inafungwa. Moto ukipanda, ugali unaanguka. Kesho yake nilikuwa nikijenga kwa matofali msingi wa stovu mpya, ya kuni, kimo cha goti, bila kujua vizuri nitaishia wapi. Mama Skola aliingia, akaona msingi, akalivuta sanduku langu la vifaa kwa mguu mpaka karibu nao, akaliketia, akanyoosha miguu akakanyaga ukingo wa matofali.

"Hapa," akasema. "Kama unaweza kuupandisha moto, mimi huwezi kunipandisha?"

Nikatoa futi. Kutoka sandukuni hadi ukingoni kilikuwa kile kile kipimo cha kutoka kigodani hadi kwenye mawe, kwa tofauti ya upana wa kidole.

Tulichojenga ni hiki, na aliye na akili akinakili. Stovu ya matofali yenye bamba la chuma na matundu mawili, imebanwa kwenye kona. Bomba la moshi linapenya ukutani, si paani. Nyuma ya bamba kuna debe la maji linalopata moto bure. Kwenye ukingo wa mbele nilichomeka pete mbili za chuma za kushika vile vijiti vya panda. Mkabala na stovu kuna sanduku la mbao lililofungwa ukutani: ndicho kiti cha mpishi, na ndani yake ni ghala. Chombo kimoja, kazi mbili. Mzee Chanda angelikubali. Nilipanga ghala hilo liwe la unga. Mama Skola akakataa.

"Nitakaliaje unga, fundi? Wewe ungekula chakula kilichokaliwa?"

Basi kuni zikaingia sandukuni, na unga ukapanda juu, ndani ya debe lenye kifuniko linaloning'inia kwa kamba na gurudumu. Ukivuta linashuka hadi mkononi, ukiachia linarudi. Lilitua mahali ambapo mtu mfupi hupita bila shida. Mama Skola ni mfupi. Mimi nilipigwa nalo kichwani mara mbili siku ile ile.

Bwana Afya alirudi siku ya Jumatano, mapema kuliko alivyosema, akiwa na daftari na fimbo. Niliingia naye kumweleza, lakini tulipokuwa watatu ndani hakuna aliyeweza kuinua mkono, akaniomba nitoke. Nikasimama nje dirishani. Issa na madereva wengine walikuwa wameacha vikombe vyao, wamekuja kusimama nyuma yangu.

"Moto uko wapi?" Bwana Afya aliuliza.

"Huo hapo, bwana. Juu ya matofali."

Akasimamisha fimbo yake sakafuni, akatazama moto ulipofika. Ulifika gotini pake. Akafungua kabati la wavu, akatazama beseni, akamwaga maji kidogo aone yanakwenda wapi. Akagonga bomba la moshi. Akafungua sanduku, akaona kuni, akalifunga.

"Niliambiwa hapa palimwagika ugali."

"Ulimwagika, bwana."

"Basi sitaandika mpaka nione unapika."

Nyuma yangu Issa alianza kusema kitu nikamkanyaga. Mama Skola aliketi juu ya sanduku lake, akavuta kamba, debe likashuka, akachota unga. Maji yalikuwa tayari yanachemka. Akapachika vijiti kwenye masikio ya sufuria, ncha zake akaziingiza peteni, akazikanyaga. Kisha akainamia mwiko. Niliona mabega yake yakifanya kazi, na unga ukiwa mzito, halafu mzito zaidi, mpaka sauti ya mwiko ikabadilika ikawa ile ya chini ambayo madereva wote waliijua. Sufuria ilikaa palepale kama imemea.

Ulipoiva akaugeuza kwenye sinia kwa mara moja, mviringo, bila ufa.

Bwana Afya akaandika. Aliandika muda mrefu kwa mtu aliyesimama kwa kujikunja, na alipomaliza akachana karatasi ya kibali na kumpa. Mama Skola aliipokea kwa mkono mmoja, mwiko ukiwa kwenye mkono wa pili, akautazama muhuri, akaipachika karatasi nyuma ya kabati la wavu.

"Ahsante, Bwana Afya. Sasa nipishe, watu wana njaa."

Kijana alitaka kugeuka, pasiwe na pa kugeukia. Jiko lile lilitosha mpishi, moto, maji, vyombo na chakula, kila kitu inchi yake, na hakuna hata inchi iliyobaki kwa ajili ya Serikali. Mama Skola alikuwa ameketi juu mbele ya moto wake, hakuinuka. Basi Bwana Afya akakumbatia daftari kifuani, akainamisha kichwa chini ya debe la unga, akatoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, jinsi wazee wetu walivyokuwa wakiaga mbele ya mtemi wetu, mwene.